Upindo wa Kukulia

...kiuno ngapi, Sindano, anauliza wifi yake, mjane wa kaka, penseli keshailamba iko tayari juu ya daftari, na fundi kashika futi kiunoni mwa mtoto lakini namba haitoki, sikio limenasa kwenye lile neno la wifi la mwanzo, muachie upindo mpana, bado anakua... bado anakua, gauni la harusi lenye upindo wa kukulia, salaale, miaka arobaini kwenye cherehani hajaona bibi harusi wa kurefushiwa gauni, sare za shule sawa, za huyuhuyu mjukuu wa wifi kazishona yeye, upindo wa vidole vinne, kila mwaka anafumua kimoja, na viwili bado vimo... "We Sindano, umelala?" na kicheko kilekile cha ujana, enzi zile kaka akisafiri wao wawili wanalala kitanda kimoja, wanagombea shuka mpaka inachanika, asubuhi wifi anatunga uzi, yeye anashona, chai kikombe kimoja, wanapokezana, ah, asubuhi zile... na kamvumilia mengi huyu, kabadili dini mara mbili, sawa, yeye si bawabu wa mbinguni, kahamia kwa fundi baiskeli kaka hajatimiza mwaka kaburini, watu wakatema mate, yeye akamshonea gauni jekundu, akilewa akaimba barazani majirani wanafunga madirisha, yeye anafungua lake asikie vizuri, kila mtu na lake, ndivyo alivyosema siku zote, tena kwa kujisifu... lakini hayo yote wifi alijivika mwenyewe, na huyu mtoto nani kamuuliza, ana wino wa shule kidoleni, kabana tumbo kama alivyozoea kupimwa sare... "Mwanamume aliyemposa ana heshima zake, usianze," anasema wifi, kumbe uso wa fundi umeshasema, huo uso haujawahi kujua siri... na akikataa kushona ataondoka huyu wifi, na akiondoka nani atabaki duniani wa kumwita Sindano, wa kukumbuka ile shuka, hakuna, wote wako chini ya udongo, atabaki bibi cherehani wa watu... "Bibi, nipumue?" anauliza mtoto, "Pumua, mjukuu wangu, pumua sana," na futi inajaa mkononi mwake, inarudi, inajaa... "Ngapi basi?" anauliza wifi, penseli iko palepale, futi iko palepale, na fundi namba anaiona bila hata miwani, anaimeza.