Jina Lililopotea Kwenye Kompyuta

Fomu ya chuo ilikuwa na kozi nne za kompyuta, na Waruguru hakujua hata moja ilifundisha nini. Mwaka huo, 2005, alikuwa amemaliza kidato cha nne na kupita vizuri, lakini pale Kitale kila aliyemuuliza alimpa jibu lake. Baba yake, Gichuki, alisema, "Kompyuta ni kompyuta. Weka alama popote." Jirani akasema ataajiriwa kuchapa barua. Waruguru akashangaa: mtu asome miaka mitatu ili achape barua?

Basi akaenda Bungoma kumwona Cherono, fundi wa kompyuta, ambaye zamani walikaa naye ploti moja ya nyumba za kupanga. Alimkuta akitoka mbio na begi la vifaa.

"Afadhali umekuja," Cherono akasema. "Twende kwa chama cha wakulima. Ati mashine yao inameza majina."

Huko walimkuta mama mmoja, Bilha, amesimama mbele ya karani, jasho likimtoka. Alikuwa amekuja kuchukua mbegu.

"Haumo, mama," karani alimwambia. "Bilha wa Matulo hayuko hapa."

"Si nilijiandikisha hapa hapa mwaka jana, bana! Nimetembea tangu asubuhi."

Cherono akafungua mashine, akapuliza vumbi, akakagua nyaya, akaizima na kuiwasha. "Mashine ni nzima," akasema. "Hapo kazi yangu imeisha."

Waruguru hakuridhika. Akamwomba karani amwonyeshe orodha yote ya kina Bilha. Walikuwa saba. Akaisoma polepole kwa kidole, na wa tano akamsimamisha.

"Huyu Bilha wa Maturo ni nani?"

"Ni mimi huyo!" mama akasema. "Maturo, Matulo, si ni kwetu tu? Karani wa mwaka jana aliandika alivyosikia."

Bilha akacheka, akapewa mbegu zake, akajitwika. Lakini Waruguru alibaki akiitazama skrini.

"Dada, kwa nini kompyuta haikujua ni pahali pamoja?"

"Itajuaje? Aliyeandika programu hakuiambia."

"Na yeye angejuaje, kama hajawahi kufika huku?"

Cherono akaweka begi chini. "Hiyo ni kazi ya mtu mwingine. Mimi natengeneza mashine. Kuna anayeandika programu. Halafu kuna yule anayetangulia kukaa na watu kama Bilha na karani, aulize kazi yao inaendaje, achore mpango, ndipo programu iandikwe. Hapa hakuna aliyekuja kuuliza."

Waruguru akatoa fomu. "Iko hapa?"

Cherono akaonyesha ya tatu: Uchambuzi wa Mifumo. Waruguru alikuwa ameiruka kila mara, akidhani ni hesabu tupu.

"Ina hesabu?"

"Iko. Na programu utaandika pia. Ila maswali ndiyo mengi zaidi."

Jioni, nyumbani Kitale, Gichuki aliishika ile fomu mbali na macho, akasoma palipowekwa alama.

"Hii ndiyo ya kuchapa barua?"

"Hapana, Baba. Keti nikueleze," Waruguru akasema, akamvutia kiti. Gichuki akaketi, na kabla binti hajafika kwenye kisa cha Bilha, tayari baba alikuwa amemkatiza mara mbili kuuliza.