Bitana ya Damu ya Mzee

Nyumba nzima ilimwita Chuma, na aliyembandika jina hilo ni mama mkwe wake. Mwanamke mwenyewe ni fundi cherehani, alikanyaga pedali mpaka siku uchungu ulipomshika, na kule leba hakutoa hata mguno. Mama mkwe akarudi na habari hiyo, akaigawa mlango kwa mlango. "Wangu mimi ni chuma," akawa anajigamba. Sifa ni tamu, lakini jaribu kuishi ndani yake ukiwa na chuchu zilizopasuka.

Maana zilikuwa zimepasuka, zote mbili. Muuguzi alishasema mtoto anyonye kila anapotaka, na huyu alikuwa anataka kutwa kucha. Akipakatwa tu, kinywa kinatafuta. Akipata, mama yake anauma meno, vidole vya miguu vinajikunja ndani ya ndala, machozi yanamlengalenga. Kisha analazimisha tabasamu, kwa sababu mama mkwe amekaa palepale kwenye kochi, anatazama kama mtu anayetazama mpira.

Damu ilipoanza kutoka, Chuma akatumia akili ya kifundi. Alichukua mabaki ya bitana ya rangi ya damu ya mzee, akakata viduara, akavipachika ndani ya sidiria. Doa halikuonekana hata kidogo. Lakini bitana ile ya nailoni haikupitisha hewa wala haikufyonza kitu. Vidonda vikawa vinashinda vimelowa, na kila alipokivuta kitambaa ili anyonyeshe, kilibanduka na ngozi. Akazidi kuumia, akazidi kunyamaza. Ujinga wa aina hii unahitaji kipaji.

Asubuhi moja, mtoto alipomaliza kunyonya, mama mkwe akampokea begani ili amcheulishe. Akawa anampigapiga mgongo huku anaimba puani. Mtoto akacheua. Wimbo ukakatika.

"Mwanangu," mama mkwe akamwita mume wa Chuma kwa sauti ndogo. "Njoo uone."

Mume akatoka bafuni na mswaki mdomoni. Kwenye taulo lililokuwa begani kwa mama yake, maziwa yalikuwa na michirizi myekundu. Kazi yake ni kuchomelea mageti, mtu aliyezoea cheche usoni, lakini hapo alisimama kama kagandishwa.

"Hiyo damu?"

"Inatoka tumboni mwake. Kalete gari. Usinisimamie hapo."

Akatoka mbio, mswaki bado mdomoni.

Chuma hakuinuka. Alijua damu ni ya nani tangu alipoiona. Alijua pia kitakachofuata: watamlaza mtoto kwenye meza baridi, watatafuta mshipa kwenye mkono mwembamba kama kidole, watamtoboa wakitafuta jeraha asilokuwa nalo. Yote hayo kwa kukosa sentensi moja. Akafungua kinywa, ulimi ukakataa. Aliona aibu, na aliona aibu zaidi kwa kuona aibu saa kama ile.

Mama mkwe alikuwa anamvalisha mtoto sweta. Kifungo kilikataa kuingia. "Nichukue mimi," alinong'ona, wala hakuwa anaongea na mtu aliyemo chumbani. "Huyu muache. Nichukue mimi."

"Mama," Chuma akasema. "Hiyo damu ni yangu."

"Vaa viatu, tunachelewa."

Basi akafungua blauzi. Akashika ukingo wa kile kitambaa, akavuta, na safari hii ukelele ukamtoka wote.

Mama mkwe akatazama. Akatazama tena, kisha akakaa chini na mtoto mkononi.

"Tangu lini?"

"Tangu tutoke hospitali."

"Anakamata chuchu peke yake, au na hili eneo jeusi?"

"Chuchu peke yake."

"Na mimi nakaa hapo kila siku nakukodolea macho." "Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Ningekuambia, ungejisifu na nini huko nje?"

Lilikuwa neno kali, na Chuma hakulirudisha. Mtoto akaanza kulia, kinywa wazi, kichwa kikigeuka huku na huku kutafuta. Chuma akajikuta amejibanza ukutani, anamkimbia mwanawe wa kumzaa.

"Atasubiri kidogo," mama mkwe akasema, akampa mtoto kidole chake akifyonze. Kwa mkono wa pili akachukua taulo safi la pamba, akamfunika mkwewe kifua, taratibu, bila kugusa.

Honi ikalia nje. Mume akaingia akihema. "Gari lipo. Anaendeleaje?"

"Mtoto nadhani hana neno. Damu ni ya mama yake, chuchu zimempasuka."

Mume akaegemea mlango, pumzi zikamshuka. "Afadhali. Basi ngoja nimwambie dereva aende zake."

"Aende wapi?" mama mkwe akasema. "Mgonjwa si huyu hapa? Mshike mkeo mkono."

Chuma akalia. Akalia kwa sauti, mlango wazi, dereva na majirani wakisikia, na mama mkwe hakumnyamazisha.