Lugha ya Wasuri

Vita vilipoanza huko kaskazini, kila mgeni aliyeingia Kasulo alitiliwa shaka, na baadaye hata wenyeji wakaanza kusikilizwa wanasema nini. Ndipo Auleria alipofuatwa katika shamba la kijiji, jembe mkononi.

"Shikamoo mama," alisema Privatus, kijana wa mgambo, kwa haya.

"Marahaba. Nimefanya nini?"

"Katibu anakuita. Ni ile lugha mnayoongea shambani."

Auleria aliianza mwaka ule walipohamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba yake ya mlimani ikabaki gofu. Wakipalilia maharage, aliwasimulia wenzake habari za Wasuri, watu waliobaki kule juu ambao hakuna awezaye kuwahamisha. Wanaishi ndani ya upepo, kwa hiyo maneno yao hayafungi midomo: hayana m, wala b, wala p. Kutunga jina moja kulimhangaisha hata siku nzima. Heyaru, aliyezaliwa mvua ikinyesha. Sirowe, anayecheka kabla hajachekeshwa. Wanawake wakaanza kusalimiana Kisuri, kisha kutaniana, kisha kugombana.

"Ni lugha ya nchi gani hii?" aliuliza Katibu, mtu wa kutoka mbali.

"Wasuri hawana nchi, Ndugu Katibu. Nimewatunga mwenyewe."

"Umetunga watu?"

"Na majina yao."

"Adui ameshaingia nchini, wewe unatunga watu! Mdomo wako utakuponza. Kesho utasimama mkutanoni uwaambie wote kwamba ni upuuzi na umeacha."

Kesho yake alisimama.

"Nimeambiwa niseme Wasuri ni upuuzi," alianza. "Mliponitoa mlimani, nilitoka. Shamba la kijiji nalima. Mdogo wangu Audax yuko vitani sasa hivi, na ninamwombea. Lakini hawa sikugawiwa na mtu, na hakuna wa kuninyang'anya." Akainua uso. "Seya rihu!"

Maana yake, bado tupo.

Katibu alikuwa ameshanyanyuka kitini pale Jovina, jirani wa Auleria, aliposimama na mtoto mgongoni. "Seya rihu!" Akafuata Bernadetha, kisha safu nzima ya wanawake, na wanaume wawili watatu ambao hawakujua hata maana yake. Privatus alitazama chini, midomo ikimcheza.

Auleria alipewa adhabu ya kuchimba choo cha shule peke yake. Asubuhi alipofika na jembe, Jovina na wenzake walikuwa wameshaanza kuchimba.

"Kwa Kisuri choo kinaitwaje?" aliuliza Jovina kutoka shimoni.

"Hawana. Wanaishi kwenye upepo."

"Basi wape. Hata wao wanakula."

Wakacheka mpaka wakaegemea majembe. Auleria alionja sauti moja, akaitema, akaonja nyingine.

"Gorohe," akasema hatimaye, kwa sauti ya kufika mpaka ofisini.