Kadi ya Uzi Mwekundu

Mambo yaliharibika Jumamosi, tarehe kumi na mbili Agosti 2023, kwenye uwanja wa maonyesho ya utamaduni mjini Mtwara. Sebastiao alikuwa amekaa juani na watu wa kijiji chake, maana turubai lilikuwa la viongozi, kama kawaida. Mara spika zikatoa sauti ya mkewe.

Isabel alikufa masika ya mwaka ule. Malaria ilimpanda kichwani, na gari likakwama kwenye ile barabara inayoahidiwa kila uchaguzi na kukatika kila mvua. Sasa alikuwa anaimba, hai kabisa, nyimbo za unyago, mbele ya waume za watu.

Wanawake wa kijijini walijifunika kanga usoni. Wanaume waliziba masikio, wengine wakainuka kuondoka. Vania, mdogo wa marehemu, alikimbilia jukwaani.

"Zima! Zima hicho kidude, mlaaniwe!"

Bwana Innocent, afisa utamaduni, akacheka kwenye maiki. "Mama, mbona wimbo mtamu hivi? Haya, watu wacheze!"

Sebastiao peke yake hakuziba masikio.

Kosa lilikuwa la uzi. Mradi wa utamaduni ulileta simu kijijini, huku karibu na mlango wa mto Ruvuma, ili watu wajirekodi wenyewe na mila zao zisipotee. Wanawake wakaweka sharti: kadi ya simu yenye nyimbo za unyago ifungwe uzi mwekundu, na mwanamume yeyote asiisikilize. Bwana Innocent akakubali, soda zikanywewa. Kule mjini Brian, fundi mitambo, akaona uzi unazuia kadi isiingie kwenye kompyuta. Akaukata. Hakuna aliyekuwa amemwambia kitu. Wakubwa wake walikuwa wamevaa fulana zilizoandikwa "Urithi Wetu", na uzi ule hakuna aliyeukumbuka.

Waliporudi kijijini na kadi yao, wanawake wakakaa, wakaamua kadi ifutwe. Sebastiao akamfuata Vania uani, akamkuta anamenya mihogo.

"Shemeji, kabla hamjaifuta, niisikilize mara moja tu."

"Nyimbo za unyago?" Vania alicheka mpaka kisu kikamponyoka. "Na mvi zote hizo unataka uchezwe ngoma? Tukutafutie kungwi?"

"Kungwi wangu kafa."

Kicheko kikakatika.

"Maneno siyataki," Sebastiao akasema. "Nataka sauti."

"Sauti ndiyo imebeba maneno, shemeji. Nitakutenganishia na nini? Dada mwenyewe angenizaba kibao."

"Basi nipe nyingine. Akiongea tu. Akigombana na mimi."

"Haipo. Tuliambiwa turekodi mila. Kugombana na wewe si mila."

"Nyumbani kwangu ilikuwa mila."

Vania akainama, akaokota kisu chake.

"Yule Innocent kasikia," Sebastiao akaendelea. "Wale wa kwenye turubai wote wamesikia, na maji ya chupa mkononi. Mimi mume ndiye wa kukatazwa?"

"Wale lugha yetu hawaijui, walisikia kelele. Wewe ungeelewa."

Sebastiao akaondoka akiitukana serikali, toka ngazi ya kitongoji kwenda juu.

Siku kadi ilipofutwa, Vania alikuja kwake na simu. Wanawake walikuwa wamekubaliana kubakiza kipande cha mwanzo, kabla ya wimbo, maana pale hapakuwa na siri. Akamhamishia kwenye simu yake, akakataa kukaa, akaenda zake.

Kwanza ni giza. Kidole cha mtu kimeziba kamera. Kuku analia. Kisha kidole kinatoka, na Isabel yuko kwenye mkeka, anakohoa, anajiweka sawa kilemba, anamtazama aliyeshika simu. Anauliza neno moja tu, na kipande kinaishia hapo, kabla mtu hajafungua mdomo.

Sebastiao hukiangalia akimaliza kula. Mara nyingine hukirudia, simu kaisogeza karibu na sikio, ugali unamkaukia vidoleni.

"Nianze?"