Mwanamke Mwenye Furaha Kuliko Wote Nyamasaria

Watafiti walipofika Nyamasaria walimvalisha jirani yangu Dorca saa ya mkononi isiyoonyesha saa. Kazi yake ni kuhesabu hatua. Wakampa na simu ya kumuuliza mara tano kwa siku anajisikiaje, maana sisi majirani hatutoshi. Wakaahidi kwamba atakayeonekana ana huzuni ataletewa mshauri nyumbani, aketi naye. Dorca alijiandikisha kwa ajili ya huyo mshauri tu.

Mumewe Oluoch alizama ziwani mwezi mmoja na nusu kabla ya hapo na mwili haujapatikana. Kila asubuhi Dorca huenda kwa miguu mpaka Dunga, akafuata ufuo akichungulia kwenye magugu maji, kisha akarudi.

Baada ya wiki sita akaja Wechuli, mtu wa utafiti, shati amechomekea, cheti mkononi, akatukuta kwenye kibanda changu cha chapati.

"Mama, hongera! Hatua elfu ishirini na sita kila siku! Na mood yako ni tano juu ya tano. Hakuna mwingine kama wewe."

"Asante, mwanangu. Sasa mshauri anakuja lini?"

"Mshauri wa nini tena, Mama? Si uko na furaha?"

Nilitaka kumrushia sufuria. Nikamuuliza Dorca kwa nini alijibu tano.

"Si iliniuliza habari? Mtu akikuuliza habari, unasema nzuri. Halafu anauliza tena, na nyumbani je? Hapo ndio unamwambia ukweli. Mimi nilingoja hiyo ya pili. Simu ikanyamaza."

Sayansi hiyo, jamani. Imefanyiwa mikutano hotelini, chai na mandazi juu, na haijui kusalimiana.

Wechuli akakuna kichwa, akasema majina ya wenye huzuni yalishatumwa.

"Ni sawa tu," Dorca akajibu, naye akaonekana kuamini hilo pia.

Nilifungua mdomo nimtukane, nikakumbuka kwamba kila asubuhi Dorca akipita kibandani kwangu namuuliza habari, anasema nzuri, nami naendelea kugeuza chapati. Miezi mitatu yote. Niliona aibu.

Dorca akaivua ile saa, akamrudishia, akavaa viatu vyake. Nikazima jiko nikamfuata. Tulipofika barabara kuu nikamuuliza habari, akasema nzuri, nikamuuliza mara ya pili.

Alilia mpaka Dunga.