Pengo la Kisigino

Weidenfeller, mwenyekiti wa chama chetu cha wakusanyaji wa vitu vya kale, alinipaka matope mbele ya watu ishirini, keki ya plamu bado iko mdomoni mwangu.

"Samahani Bi Hedwig, kiatu chako cha udongo ni feki. Tunakiondoa kwenye maonyesho yetu."

Feki? Kiatu hicho alikifinyanga babu yangu Wendelin hapa hapa kijijini Hilgert. Alikuwa fundi wa viko vya udongo. Watu walipohamia sigara, akawa anawatengenezea wenye baa viatu vidogo vya kuwekea njiti za kiberiti, jina la baa ubavuni, wawagawie wateja. Kwetu kimebaki hicho kimoja.

"Feki kwa ushahidi gani?"

"Ni kikubwa mno." Akapanga mezani viatu sita, vyote kawauzia wanachama yeye mwenyewe kuwa ni kazi ya babu. "Hivi vinalingana. Chako kimezidi upana wa kidole."

Jirani yangu Irmtrud akaninong'oneza, "Keti, mwenzangu. Utajipasua mishipa bure."

Sikuketi. Nikachukua kimoja nikakigeuza. Kisiginoni palikuwa na pengo, dogo kama punje ya dengu. Cha pili, pengo. Vyote sita.

Pengo lile nalijua. Nilikiangusha kiatu cha babu kwenye ngazi nikiwa na miaka sita, nikaadhibiwa kulala bila kula.

"Irmtrud, papasa pengo la changu."

"Linakwaruza."

"Na la vyake?"

"Laini. Limeng'aa."

"Changu kilimeguka baada ya kutoka tanuruni, ndiyo maana pale ni udongo mtupu, hauna mng'aro wa tanuru. Vyako, Weidenfeller, vimeingia tanuruni na pengo langu. Na udongo husinyaa ukichomwa, kwa hiyo kopi iliyotolewa kwa kalibu ya changu lazima iwe ndogo. Nyie nyote ni wajukuu wa watu wa tanuru, mmekaa kimya mnatafuna keki!"

Niliwachukia wote dakika ile.

"Na wewe Weidenfeller, mwaka juzi ulikiazima ukasema unakipiga picha. Ukakaa nacho wiki tatu. Nami nikakukaangia viazi, mjinga mimi."

Akaanza kuvikusanya viatu vyake. Mzee Reinold, aliyenunua viwili, akamshika mkono. "Viache hapo. Tutavihitaji."

Nikamsukumia Weidenfeller kadi ya kuwekwa kando ya kiatu kwenye maonyesho, na kalamu. "Andika jina la babu yangu. Kwa mkono wako."

Akaandika. Mwandiko haukusomeka, nikaichana kadi, nikampa nyingine.