Nyongeza ya Figili

Nthoki alipanda ndege kwa sababu moja tu: kumrudisha mwanawe Muoki nyumbani Kayole. Miaka saba Japani inatosha, kwani huko kuna nini? Siku kumi alizokaa naye Kyoto amembembeleza, amemtisha, amefunga na kuomba, na kijana anacheka tu na kusema, "Tutaona, Mama." Ndege ni kesho. Asubuhi hiyo ya mwisho Muoki akampeleka sokoni.

Soko gani hili, jamani. Sakafu imepigwa deki hadi unaona haya kuikanyaga, na wauzaji wanaongea kama wako wodini. Nthoki, aliyeuza sukuma wiki kando ya Spine Road miaka ishirini na miwili kwa sauti ya kusikika hadi steji ya matatu, alitafuta mtu wa kugombana naye akamkosa. Akaona pweza wadogo wamechomekwa vijiti, kila mmoja na yai la kware kichwani. Walikuwa wamemkosea nani, hakuuliza.

"Usiguse vitu, usibishane bei, usile ukitembea," Muoki alikuwa amemwonya. Sasa mtu anaingia sokoni kufanya nini?

Kwenye kibanda cha figili zilizolowekwa chumvi, muuzaji, bibi kizee mwenye aproni, alimpimia Nthoki, akazifunga vizuri kama zawadi ya harusi. Basi mkono wa Nthoki, bila kumwuliza mwenyewe, ukachomoa figili moja zaidi na kuitia mfukoni.

"Na hii ya nyongeza, mama," akamwambia bibi.

Watu wote wakageuka. Muoki akainama, akainama tena, akieleza mbio mbio kwa Kijapani. Nthoki akakunja uso. Yeye hajawahi kumnyima mteja nyongeza. Kama huku hawaijui, shauri yao.

Bibi akasikiliza hadi mwisho, akacheka, akasema jambo. Kisha akachukua figili nyingine, akamtilia Muoki mkononi na kumpigapiga bega.

"Anasemaje?"

Muoki akatazama viatu vyake. "Anasema nyongeza yangu hunipa kila Jumamosi. Alidhani nilikuambia."

Nthoki alijua nyongeza hupewa nani. Mpita njia hapewi. Hupewa mtu wa kurudi, yule ambaye asipoonekana wiki moja unauliza majirani kama ni mgonjwa. Ilimuuma, ikamuuma kweli. Siku kumi za maombi, na jibu limetoka kwa muuza figili.

Akajifuta uso kwa leso.

"Mwambie asikuuzie za juzi," akasema. "Mimi kesho narudi peke yangu."